Kano, 2003: Waliuliza hili, wakajibiwa lile

Watu wa Kano hawakuikataa chanjo ya polio kwa kukosa habari. Habari walizipata, tena nyingi. Kufikia katikati ya mwaka 2003 kaskazini mwa Nigeria kulikuwa na matangazo ya redio kwa Kihausa, mabango, na wachanjaji waliopita nyumba kwa nyumba mara kadhaa kwa mwaka. Hata hivyo, mwaka huohuo majimbo kadhaa ya kaskazini, yakiwemo Kaduna na Zamfara, yalisitisha kampeni, na Kano ikashikilia msimamo huo kwa karibu mwaka mzima.

Nigeria ilikuwa na wagonjwa 202 wa polio mwaka 2002. Mwaka 2003 wakawa 355. Mwaka 2004 wakafika 782. Kila mmoja katika hesabu hiyo ni mtoto aliyelala ana homa, akaamka mguu haumtii.

Kisa hiki husimuliwa kwa ufupi hivi: mashehe walieneza uvumi, watu wakawafuata, watoto wakapooza. Mimi nimewahi kuwa mchanjaji wa matone ya polio, nimegonga milango na nimefungiwa milango, na simulizi hiyo hainitoshi. Uvumi ulikuwepo, tena ulidhuru watoto. Lakini ukikaa na kisa hiki kwa utulivu unakuta watu waliokuwa wakiuliza swali moja kwa miaka, na kila mara wakipewa jibu la swali jingine.

Ugonjwa unaojificha

Polio ni mgumu kuuelezea kuliko magonjwa mengi. Katika kila watoto wapatao 200 wanaoambukizwa, mmoja tu ndiye hupooza. Waliobaki hupata homa ndogo au hawasikii lolote, ila choo chao hubeba virusi kwa wiki kadhaa, na penye maji machafu na vyoo vibovu virusi hivyo huishia mdomoni mwa mtoto mwingine. Ndiyo maana akipooza mmoja, serikali huchanja mamilioni. Kwa mtu wa afya hesabu hii iko wazi. Kwa mama wa Kano ambaye katika mtaa mzima anamjua mlemavu mmoja, huku yeye mwenyewe amezika watoto wawili kwa malaria, hesabu hii haiingii akilini hata ukiirudia mara kumi.

Kuna na hili. Mahali penye kuhara kwingi, matone hayashiki vizuri kwa dozi moja wala mbili, kwa hiyo mtoto hurudiwa tena na tena. Mzazi anaona wachanjaji wamekuja, wakaondoka, wakarudi baada ya wiki chache na matone yaleyale kwa mtoto yuleyule. Dawa gani hii isiyokwisha? Nani anailipia? Kwa nini anijie mlangoni mimi ambaye sikumwita? Anayeuliza hivyo ana akili timamu, na kumwita mjinga ni kumkosea adabu na kujifungia mlango kwa mkono wako mwenyewe.

Hata jina la ugonjwa lilikuwa na habari yake. Kwa Kihausa hali hii huitwa shan inna, na Inna katika imani za kale za Wahausa ni pepo wa kike anayenyonya kiungo mpaka kikauke. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mtoto akivamiwa na pepo, mzazi hakimbilii zahanati, na mtu akija na kichupa cha matone kusema anakinga jambo hilo, anazungumzia kitu ambacho katika nyumba ile kina mganga wake, dawa yake na maelezo yake. Kuanza mazungumzo na virusi katika nyumba hiyo ni kuanzia katikati ya hadithi.

Waliotangulia kuja na dawa ya bure

Mwaka 1996 homa ya uti wa mgongo iliipiga Nigeria vibaya, hasa kaskazini. Wagonjwa walizidi 100,000 na waliokufa walizidi 11,000. Katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza mjini Kano, huku madaktari wa MSF, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, wakitibu watu kwa dawa iliyozoeleka, walifika watafiti wa kampuni ya Pfizer ya Marekani na dawa yao mpya, Trovan, kuijaribu kwa watoto. Waliingizwa watoto 200. Mia moja walipewa Trovan, mia moja walipewa ceftriaxone, dawa iliyokwisha kuthibitishwa. Watoto 11 walikufa, watano waliopewa Trovan na sita waliopewa ile nyingine. Kuna waliopona wakabaki na ulemavu. Kampuni ilisema vifo na ulemavu vililetwa na ugonjwa wenyewe, na kwamba wazazi waliridhia kwa mdomo. Wazazi walisema hawakuambiwa kwamba mtoto wao anafanyiwa majaribio, walidhani anatibiwa.

Mwishoni mwa mwaka 2000 gazeti la Washington Post lilikifichua kisa hicho. Mwaka 2001 familia zikafungua kesi New York. Mwaka 2009, baada ya safari ndefu, kampuni na serikali ya jimbo la Kano wakaafikiana malipo ya dola milioni 75, bila kampuni kukiri kosa.

Sasa tazama tarehe. Kesi inafunguliwa 2001, chanjo inakataliwa 2003. Wakati wachanjaji wanagonga milango ya Kano na maneno kwamba matone haya ni ya bure, ni salama, yametoka kwa wafadhili wa nje, kesi ya watoto wa mji huohuo ilikuwa bado mahakamani. Watu walikuwa na kumbukumbu ya miaka saba tu nyuma ya wageni waliokuja na dawa ya bure kwa watoto wao.

Kumbukumbu hii haikuwa na matone ya polio ndani yake, hilo ni kweli. Trovan ilikuwa dawa ya majaribio, na matone yalikuwa yametumika duniani kwa zaidi ya miaka arobaini. Mtaalamu anaona vitu viwili tofauti kabisa. Mzazi anaona mkono uleule, na mkono ule haukuwa umewahi kuomba radhi.

Juu ya hilo kulikuwa na siasa. Mwaka 1988 serikali ya kijeshi ya Nigeria ilitoa sera ya idadi ya watu iliyopendekeza mwanamke asizidishe watoto wanne, na kaskazini wengi waliisoma kama mpango wa kuwapunguza. Mwaka 2003 ulikuwa wa uchaguzi: Olusegun Obasanjo, Mkristo wa kusini, alimshinda Muhammadu Buhari, Mwislamu wa kaskazini, na Kano ikamchagua gavana wa upinzani, Ibrahim Shekarau. Machi ya mwaka huohuo Marekani iliivamia Iraki. Chanjo iliyokuja kwa magari ya serikali ya shirikisho, ikiwa na nembo za nje, katika mwaka kama huo, isingepokewa kama kitu cha afya peke yake hata ingekuwa maji ya Zamzam.

Kukataa

Sauti kubwa ya kwanza ilikuwa ya Baraza Kuu la Sharia la Nigeria, chini ya Datti Ahmed. Huyu alikuwa daktari wa binadamu. Alidai kwamba chanjo imetiwa vitu vya kuzuia uzazi na hata virusi vya UKIMWI. Madai hayo hayakuwa kweli. Lakini aliyeyasema alikuwa daktari, Mwislamu, mtu wa Kano, anayesema Kihausa. Baadaye mtaalamu wa dawa wa Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, Haruna Kaita, alipeleka sampuli India, akarudi na kusema amekuta dalili za homoni. Wataalamu wengine walieleza kwamba viwango vilivyotajwa ni vidogo mno, haviwezi kugusa uzazi wa mtu. Maelezo hayo yalikuwa sahihi, na hayakusaidia. Mtu akishasikia kwamba kitu kipo, ukimwambia kipo kidogo tu, umemthibitishia kwamba kipo.

Hapo ndipo naona kosa kubwa la mawasiliano la mwaka ule. Abuja, yaani serikali ya shirikisho, na Geneva, makao ya Shirika la Afya Duniani, zilijibu swali la maabara: je, chanjo ni safi? Walijibu vizuri, kwa vipimo, kwa taarifa rasmi, kwa majina ya maabara. Kano ilikuwa inauliza: kwa nini nikuamini wewe? Kwa swali hilo, kila taarifa mpya kutoka Geneva ikisisitiza kwamba chanjo ni salama ilizidisha shaka. Anayeshukiwa hawezi kujitolea ushahidi mwenyewe. Huwezi kuwa mshitakiwa, shahidi na hakimu, kisha ukashangaa wenye kesi wanapokataa hukumu.

Vipimo vya kwanza vya serikali ya shirikisho vilikataliwa kwa hoja hiyohiyo: nani alikuwepo sampuli zilipochukuliwa? Ndipo mwanzoni mwa mwaka 2004 ukaundwa ujumbe wenye wanasayansi pamoja na viongozi wa dini, wakaenda Afrika Kusini, Indonesia na India kushuhudia upimaji kwa macho yao. Hatua hii ilikuwa nzuri, na ilichelewa miezi mingi. Ingefanyika Agosti 2003, kabla msimamo haujawa suala la heshima ya jimbo, nadhani hesabu ya watoto ingekuwa nyingine. Mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Putrajaya, Malaysia, Oktoba 2003, nao ulikuwa umepitisha azimio la kuhimiza kumaliza polio. Hilo lilisaidia kwa namna moja: liliwapa viongozi wa kaskazini mahali pa kusimama siku watakapotaka kubadili msimamo bila kuonekana wamesalimu amri kwa Abuja.

Mlango wa kutokea

Kano ilipokubali, ilikubali kwa njia yake. Jimbo lilisema litapokea chanjo iliyotengenezwa katika nchi ya Waislamu. Ikatafutwa kutoka Bio Farma, kiwanda cha Bandung, Indonesia. Mwisho wa Julai 2004 gavana Shekarau alisimama hadharani na binti yake mchanga akapewa matone mbele ya umati.

Kuna waliobeza jambo hili. Walisema matone ni matone, yatoke Bandung au yatoke Ulaya, na wote wanafuata viwango vilevile vya Shirika la Afya Duniani. Kisayansi wako sahihi. Kwangu mimi hapa ndipo kazi ya mawasiliano ilipofanyika kwa mara ya kwanza katika kisa chote. Mtu aliyekataa kitu hadharani anahitaji njia ya kukikubali bila kudhalilika. Indonesia ilikuwa njia hiyo. Gavana hakulazimika kusema "nilikosea". Alisema, kwa kitendo, "sasa nimeridhika," na mtoto wa kwanza kuonja alikuwa wake. Wazazi waliokuwa wakiuliza "je, ungempa mwanao?" walilipata jibu lao bila hotuba.

Ila virusi havikusubiri maafikiano. Kutoka kaskazini mwa Nigeria vilikwenda nchi jirani, vikavuka Chadi mpaka Sudan, vikafika Rasi ya Arabuni. Kwa jumla nchi zipatazo 20 zilizokuwa zimeshaondokana na polio zilipata tena virusi vya asili hiyo katika miaka michache. Yemen ilipata wagonjwa 478 mwaka 2005. Mwaka huohuo mtoto mmoja wa Sukabumi akapooza, na mlipuko uliofuata ukawapata zaidi ya watoto 300 wa Indonesia. Sukabumi iko Java Magharibi, jimbo lilelile yalikotengenezwa matone ambayo Kano iliyakubali. Chanjo ilitoka Java kwenda Kano, na virusi vikatoka upande wa Kano kwenda Java.

Kwetu vilifika pia. Vilipita Yemen hadi Mogadishu mwaka 2005, na mwaka 2006 Kenya ikapata wagonjwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Garissa, baada ya zaidi ya miaka ishirini bila polio. Mwaka 2013 virusi vya asili ya Afrika Magharibi vikazuka tena Mogadishu, Somalia ikahesabu wagonjwa 194 na Kenya 14. Uaminifu uliovunjika Kano mwaka 1996 ulilipiwa pia na mtoto wa Garissa, ambaye wazazi wake hawajawahi kuisikia Trovan.

Kabla msomaji hajasema haya ni mambo ya Waislamu wa Nigeria, akumbuke Kenya, Agosti 2015. Maaskofu wa Kanisa Katoliki waliwataka waumini wasusie kampeni ya polio mpaka chanjo ipimwe, na mwaka uliotangulia walikuwa wamedai kuwepo homoni katika chanjo ya pepopunda. Hofu ni ileile ya kukatwa kizazi, madai ni yaleyale ya homoni, na takwa ni lilelile: tupime pamoja. Kanzu tu ndiyo iliyobadilika. Kanisa lile linaendesha sehemu kubwa ya hospitali na zahanati za Kenya, kwa hiyo hakuna awezaye kusema lilikuwa adui wa dawa.

Gari lilikuwa wapi?

Mwaka 2022, Tanzania ilipofanya kampeni ya matone baada ya virusi vya polio kuonekana Lilongwe, nilikuwa katika kijiji kimoja wilayani Kilwa. Tulifika nyumba ya bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia: "Mjukuu wangu, haya nimekuelewa. Mama wa hawa watoto alifia njiani, tunampeleka kujifungua kwa baiskeli. Gari lenu hili siku ile lilikuwa wapi?"

Nilikuwa nimefundishwa majibu. Chanjo ni salama. Chanjo ni bure. Chanjo haina madhara hata kama mtoto amechanjwa jana. Hakuna hata moja lililofaa pale. Nilivua viatu nikakaa mkekani, nikamwambia sijui lilikuwa wapi, na kwamba lilipaswa kuwepo. Akanyamaza kidogo. Akawaita watoto mmoja mmoja, akawashika kidevu mwenyewe, tukawatia matone. Bibi yule hakuwa na shaka yoyote na chanjo.

Swali lake ndilo lililozunguka Kano miaka yote ile. Wachanjaji walikuta wazazi wakiwaambia: nina mtoto ana homa ndani, mmekuja na dawa yake? Mmekuja na ya surua? Hawakuwa nayo. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2005, kampeni za polio zikiwa zimerudi kwa nguvu, surua iliua mamia ya watoto nchini Nigeria, wengi wao kaskazini. Zahanati hazikuwa na dawa za kawaida, lakini matone ya polio yalifika mlangoni yakiwa na barafu yake. Mzazi aliyejiuliza kwa nini wageni wanaujali mguu wa mwanawe kuliko uhai wake alikuwa ameona kitu cha kweli. Jibu lilikuwepo, kwamba polio ni miongoni mwa magonjwa machache yanayoweza kufutwa kabisa duniani na hivyo fedha zake zina lengo maalumu. Ila jibu hilo linaeleza mahitaji ya mfadhili. Halielezi mahitaji ya mzazi.

Mwaka 2006 Nigeria ilibadili utaratibu. Wachanjaji wakaanza kubeba na vitu vingine pamoja na matone: chanjo nyingine, dawa za minyoo, mahali pengine vyandarua na sabuni. Kuna wanaosema hiyo ilikuwa hongo. Sikubaliani nao. Kumpa mtu chandarua penye malaria ni kumjibu alichouliza.

Lile lililofichwa

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo watu wa afya hawapendi kuisimulia.

Matone ya polio yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto akimeza, mwili wake hujifunza kujikinga, na virusi hivyo dhaifu hutoka kwa choo. Kama watoto wengi wamechanjwa, vinaishia hapo. Kama wengi hawajachanjwa, virusi dhaifu vinaweza kupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, vikibadilika kidogo kidogo, mpaka vikapata tena nguvu ya kupoozesha. Ni nadra, na hutokea pale hasa ambapo chanjo imewafikia wachache. Kaskazini mwa Nigeria ilitokea, katika mlipuko ulioanza kati ya mwaka 2005 na 2006. Wakubwa wa afya walijua mwaka 2006. Ulimwengu ulitangaziwa Septemba 2007.

Sababu ya kunyamaza ilikuwa hofu kwamba habari ile ingewapa nguvu waliosema tangu mwanzo kuwa chanjo inalemaza. Hofu hiyo naielewa vizuri. Nimewahi kusimama mlangoni nikitamani mzazi asiulize swali fulani. Lakini fikiria namna ilivyoonekana kutoka Kano. Miaka minne mtu ameambiwa hofu yake haina msingi, kisha anagundua kwamba lilikuwepo jambo moja la kweli, dogo, lenye maelezo, na wenye maelezo walilikalia kwa mwaka mzima. Hapo wewe mchanjaji unaonekana mwongo hata katika yale uliyosema kweli.

Linawezekana kuelezwa, tena kwa maneno ya nyumbani. Mwaka 2023 mtoto alipopooza mkoani Rukwa kwa virusi vya namna hiyo, Wizara ya Afya ilitangaza, na watoto wa chini ya miaka minane wakachanjwa Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe. Aliyeniuliza nilimweleza hivi: matone ni moto wa jikoni. Ukiwa ndani ya mafiga unapika. Nyumba zikiwa na mafiga zote, cheche haina pa kwenda. Ikiwepo mitaa mizima isiyo na mafiga, cheche inaweza kutambaa kwenye majani makavu, na dawa yake ni kila nyumba kujengewa mafiga, si kuacha kupika. Baadhi walikubali, baadhi walitaka kuongea zaidi. Hakuna aliyenifukuza kwa kumwambia ukweli.

Wanawake wa mtaani

Kilichoirudisha Kano kilichukua muda mrefu na hakikuwa tangazo. Mwaka 2009 masultani na maemir, watawala wa jadi wa kaskazini, wakiongozwa na Sultani wa Sokoto, Sa'adu Abubakar wa Tatu, waliunda kamati yao ya afya ya msingi. Tangu hapo mkuu wa kitongoji akawa na wajibu kwa emir wake, si kwa Abuja tu, na nyumba iliyokataa ilitembelewa na mtu ambaye baba wa nyumba hawezi kumnyima kiti. Emir wa Kano Muhammadu Sanusi wa Pili, aliyetawazwa 2014, alikunywa kichupa kizima cha chanjo mbele ya watu. Watu waliopooza kwa polio nao walianza kupita milangoni, wakitambaa au kwa baiskeli zao za mikono, na mzazi akaiona shan inna ana kwa ana ikimweleza ilikotoka. Jioni zilioneshwa picha za sinema barabarani kwa Kihausa, majigi kama wanavyoziita, kisha watu wakakaa kuulizana.

Lakini naamini kazi kubwa ilifanywa na wanawake wasiojulikana. Katika nyumba nyingi za Wahausa mwanamume mgeni haingii uani, na timu za mwanzo mara nyingi zilikuwa na vijana wa kiume au watu wa mbali. Walibaki nje mlangoni wakiandika "mtoto hayupo". Kuanzia mwaka 2012 UNICEF iliajiri maelfu ya wanawake wa mitaa ileile. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, nyumba zake, na orodha ya wajawazito wake. Mtoto wa Kihausa hupewa jina siku ya saba, katika sherehe ya suna, na mwanamke huyu alialikwa kama jirani. Alikuwepo na kibebeo chake cha chanjo, mtoto akapata jina na matone siku moja. Mwezi uliofuata alikuja kuulizia kliniki, malaria, maziwa ya mama. Hakuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote "niamini".

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Tarehe 8 Februari 2013 watu wenye silaha walivamia wachanjaji mjini Kano, wakaua wanawake tisa. Waliuawa wakiwa kazini, kwenye vituo vyao, asubuhi ya kawaida ya kampeni. Wenzao walirudi mitaani, wengine wakificha kibebeo chini ya hijabu.

Mwaka 2012 Nigeria ilikuwa na wagonjwa 122. Mwaka 2013 wakawa 53. Mwaka 2014 wakawa sita. Mtoto wa mwisho wa jimbo la Kano kupoozwa na virusi vya asili, si vile vilivyotokana na matone, alikuwa wa Sumaila, Julai 2014, miaka kumi tangu gavana amshike binti yake mbele ya umati akapewa matone.